Kinywa Kinachonuka Katika Hadithi za Kubuni za Kisayansi: Historia ya Pua Inayohukumu

1. Utangulizi

Hadithi za kubuni za kisayansi hudhaniwa aghalabu kuwa ni fasihi ya macho. Msomaji huonyeshwa vyombo vipaavyo angani, miji iliyojengwa kwa vioo, mashine zenye akili na viumbe wa sayari za mbali, naye huvitazama vyote kama mtu atazamaye picha. Pua haikupewa nafasi kubwa katika uhakiki wa utanzu huu, na harufu ya kinywa cha mwanadamu imepewa nafasi ndogo zaidi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kinywa kinachonuka ni jambo la aibu, na jambo la aibu haliingii kwa urahisi katika majadiliano ya wasomi.

Hata hivyo, mtu akizisoma hadithi hizo kwa kufuata miaka yake, atagundua kwamba harufu ya mwili na ya pumzi hutajwa mahali maalumu. Hutajwa pale ambapo jamii moja hukutana na nyingine, ikalazimika kuamua kama walio mbele yake ni watu au si watu. Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo. Hoja yake ni moja: katika hadithi za kubuni za kisayansi, kinywa kinachonuka husema machache juu ya kinywa chenyewe, na husema mengi juu ya pua inayokihukumu, yaani juu ya tabaka, dola au biashara yenye uwezo wa kutangaza kwamba fulani ananuka. Hoja hii inawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili pia. Kila anayezifasiri au kuzifundisha hadithi hizi kwa Kiswahili hana budi kuchagua neno la kulitaja jambo hilo, na neno atakalolichagua laweza kumweka msomaji upande wa pua au upande wa kinywa.

2. Pua na Kinywa Katika Kiswahili

Yafaa kwanza kuitazama lugha yenyewe. Kitenzi "kunuka" maana yake ni kutoa harufu mbaya. Kitenzi hicho kikivikwa umbo la kutendea, kikawa "kunukia", maana hugeuka: mzoga hunuka, waridi hunukia. Upande wa pili kipo kitenzi "kunusa", ambacho ni kazi ya mwenye pua. Hivyo vitenzi vitatu vinavyokaribiana kwa sauti vimegawana mambo matatu: kuchukiza, kupendeza, na kuhukumu lipi linachukiza na lipi linapendeza.

Nomino za harufu mbaya nazo ni nyingi, na kila moja ina makao yake. "Shombo" na "vumba" ni za samaki; "kikwapa" na "kutuzi" ni za jasho la mwili; "uvundo" ni wa kitu kilichooza au kilichofungiwa kikakosa hewa. Lakini harufu ya kinywa haikupata nomino mashuhuri ya namna hiyo. Msemaji husema tu kwamba kinywa kinanuka, na sentensi yake imekwisha.

Pengo hilo halitokani na kutojali. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamekuwa na adabu kamili ya kinywa kwa karne nyingi. Mswaki, kabla ya kuwa kijiti cha plastiki chenye nywele za nailoni, ulikuwa kijiti cha mti, na jina halikubadilika chombo kilipobadilika. Karafuu na iliki zilitafunwa, na tambuu ilikuwa sehemu ya ukarimu wa nyumba. Kinywa kilikuwa kitu cha kusafishwa kila siku na kila mtu, kwa kuwa kila kinywa huweza kunuka. Haikuwapo haja ya jina la kuwatenga wachache na kuwaita wagonjwa.

Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba pua huizoea harufu iliyo nayo siku zote, ikaacha kuisikia. Mwenye kinywa, kwa hiyo, huwa wa mwisho kujua. Methali isemayo kwamba nyani haoni kundule yaweza kusomwa hapa karibu na maana yake ya juu kabisa. Anayenuka hutegemea ushuhuda wa mwingine, na yule mwingine hupata uwezo juu yake. Historia inayofuata ni historia ya matumizi ya uwezo huo.

3. Pumzi ya Mwezini na Pua ya Gulliver

Wanahistoria wa utanzu huu huwahesabu waandishi kadhaa wa zamani kuwa ni watangulizi wake. Wa kwanza ni Lucian wa Samosata, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2. Katika kisa chake cha safari ya mwezini, wenyeji wa huko hawali chakula kama binadamu. Huwachoma vyura juu ya makaa, wakashiba kwa kuuvuta moshi wake. Na kinywaji chao ni hewa iliyokamuliwa kikombeni ikatoa umande. Hawana choo, jasho lao ni maziwa, na kamasi zao ni asali. Lucian alikuwa akiwakejeli wasafiri waongo wa zama zake, lakini kejeli yake iliacha ruwaza iliyodumu: mtu wa ulimwengu mwingine hutambulikana kwa yale yanayoingia na kutoka katika mwili wake.

Ruwaza hiyo inaonekana tena katika karne ya 17. Johannes Kepler, mnajimu aliyezieleza njia za sayari, aliandika "Somnium", kitabu kilichotolewa 1634 baada ya kifo chake. Humo wasafiri waendao mwezini huwekewa sponji zilizoloweshwa puani kwa sababu ya hewa ya njiani. Cyrano de Bergerac naye, katika kitabu cha safari ya mwezini kilichochapishwa 1657, aliwaonyesha watu wanaolishwa kwa mvuke na manukato ya vyakula. Katika kazi zote tatu pumzi ni jambo la kustaajabiwa, wala hakuna anayetukanwa kwa pumzi yake.

Mgeuko mkubwa uko katika "Gulliver's Travels" cha Jonathan Swift, kilichotolewa 1726. Kitabu hiki si kigeni kwa wasomaji wa Kiswahili, maana kilifasiriwa tangu enzi ya ukoloni na Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa 1930. Gulliver anapokuwa katika nchi ya majitu hukerwa na harufu ya ngozi za wanawake wa mahakama ya malkia. Lakini papo hapo anakumbuka kwamba katika nchi ya watu wadogo wa Lilliput rafiki yake mmoja aliwahi kulalamika, siku ya joto, kwamba yeye Gulliver ananuka. Hapa Swift ameweka kanuni yenye maana: harufu hutegemea ukubwa wa pua na mahali ilipo. Mkubwa humnukia vibaya mdogo, na mdogo huyo huyo, akiwa mkubwa mahali pengine, hunuka vilevile.

Katika sehemu ya nne Gulliver anaisahau kanuni hiyo. Anaishi miongoni mwa farasi wenye akili, anajifunza kuwadharau viumbe wenye umbo la binadamu waitwao Yahoo, kisha anarudi nyumbani Uingereza. Mkewe anapombusu, yeye huzimia kwa karibu saa nzima. Kwa mwaka wa kwanza hawezi kuvumilia harufu ya mkewe na watoto wake, wala hawaruhusu kula naye chumba kimoja. Huziba pua yake kwa majani ya tumbaku au ya mimea yenye manukato, na faraja yake huipata zizini, kwa harufu ya farasi wawili aliowanunua na ya mtumishi anayewatunza. Familia haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni pua ya baba, iliyojifunza kwa mabwana wake wapya nani wa kumdharau. Mtu aliyesoma historia ya elimu ya kikoloni hatakosa kuutambua ugonjwa huo, ijapokuwa Swift hakuwa akiiandikia Afrika.

4. Ugonjwa Unapewa Jina

Hadi kufikia karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe huleta maradhi. Imani hiyo ilivunjwa na elimu ya vijidudu, iliyosimamishwa na Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani. Mwaka 1890 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alichapisha kitabu juu ya vijidudu vya kinywa cha binadamu. Leo yajulikana kwamba harufu ya kinywa hutokana zaidi na gesi zenye salfa, zinazotolewa na vijidudu visivyohitaji oksijeni vinapovunjavunja protini, hasa nyuma ya ulimi na kandokando ya ufizi. Ni kazi ya kawaida ya uhai, nayo hutokea katika kila kinywa kwa kadiri fulani.

Lakini kabla ya kazi ya Miller, jina lilikuwa limekwisha kupatikana. Mwaka 1874 Joseph William Howe, daktari wa Marekani, alitoa kitabu juu ya pumzi na maradhi yanayoipa uvundo. Ndani yake mlikuwamo neno "halitosis", lililoundwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya pumzi na kiambishi cha Kigiriki kinachotumiwa kutaja hali ya ugonjwa. Kwa karibu nusu karne neno hilo lilibaki katika vitabu vya madaktari.

Lililolitoa humo ni soko. Mwaka 1879 Joseph Lawrence, wa mji wa St. Louis, alitengeneza dawa ya kuua vijidudu akaiita Listerine, kwa heshima ya Joseph Lister, mpasuaji wa Uingereza. Dawa hiyo ilikusudiwa vyumba vya upasuaji. Katika miaka ya 1920 Gerard Lambert, ambaye kampuni ya baba yake ndiyo iliyoiuza, aliamua kuitangaza kuwa ni dawa ya kinywa. Ili dawa ipate wanunuzi ilibidi kwanza ugonjwa upate wagonjwa, na neno la Howe likafaa kwa kazi hiyo. Tangazo moja mashuhuri la miaka hiyo lilimwonyesha msichana aitwaye Edna, anayekaribia miaka thelathini, ambaye huwasindikiza wenzake katika arusi zao ilhali yeye hapati mume, wala hajui sababu. Rafiki zake wasingemwambia. Uzoefu wa zamani kwamba mwenye kinywa ni wa mwisho kujua uligeuzwa kuwa mtaji, kwa maana mtu asiyeweza kujinusa mwenyewe hawezi kamwe kuwa na hakika, na asiye na hakika hununua chupa nyingine.

Muongo huo huo ndio uliozaa majarida ya hadithi za kisayansi. Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alitoa toleo la kwanza la "Amazing Stories" Aprili 1926. Fasihi iliyoahidi wakati ujao safi na biashara iliyouza hofu ya kinywa zilikulia basi katika nchi moja na katika miaka ile ile. Zote mbili zilimweleza msomaji kwamba sayansi itaushinda mwili. Tofauti ni kwamba fasihi, baada ya muda, ilianza kuuliza ni mwili wa nani utakaoshindwa.

5. Kinywa cha Linda

Swali hilo liliulizwa kwa ukali na Aldous Huxley katika "Brave New World", riwaya iliyotolewa 1932. Dola ya riwaya hii imeondoa uzazi, uzee na huzuni. Na kwa utaratibu ule ule imeondoa harufu ya binadamu. Manukato hutoka katika mabomba kama maji. Iko ala inayopiga harufu badala ya sauti, na watu hukaa kuisikiliza kwa pua. Upo hata ubani wa kutafuna uliotiwa homoni.

Bernard na Lenina, raia wa dola hiyo, wanazuru hifadhi ya wenyeji huko New Mexico, ambako wanakutana na Linda. Mwanamke huyu alizaliwa katika dola yao, akapotea safarini miaka mingi iliyopita, akabaki hifadhini na kumzaa mtoto kwa tumbo lake. Meno yake ya mbele yametoka, mwili wamemlegea, naye ananuka pombe. Anapomkumbatia Lenina kwa furaha ya kumwona mtu wa kwao, Lenina anashikwa na kichefuchefu. Anachokifikiri wakati huo ndicho kiini cha mkutano wenyewe: harufu hiyo ni ya kile kitu kinachotiwa katika chupa za mimba za matabaka ya chini. Kwa ufundi wa dola yao, watu wa chini hudumazwa kwa alkoholi kabla ya kuzaliwa. Lenina, basi, ananusa tabaka. Pumzi ya Linda imemtoa katika cheo alichozaliwa nacho, ikamshusha pamoja na wale ambao dola iliwaharibu kwa makusudi.

Linda anaporudishwa London hakuna atakaye kumwona. Anapewa dawa ya usingizi bila kipimo, akawekwa chumbani pamoja na bomba la manukato linalotiririka mchana kutwa. Anafia hospitali ambamo harufu ya chumba hubadilishwa na mashine kila robo saa, ili kifo chenyewe kisinuke. Huxley hakusema kwamba Linda ni msafi. Anachokionyesha ni kwamba jamii iliyoweza kuyavumilia mateso yake yote haikuweza kuivumilia pumzi yake. Mtu pekee anayeweza kukaa karibu naye hadi mwisho ni mwanawe John, ambaye pua yake haikufundishwa na dola.

6. Karafuu Katika Glasi ya Winston

George Orwell alikuwa amelifikiria jambo hili kabla ya kuandika juu ya wakati ujao. Katika "The Road to Wigan Pier", kitabu cha 1937 juu ya maisha ya wachimba makaa wa kaskazini ya Uingereza, alikiri kwamba watoto wa tabaka lake walilelewa wakiamini kuwa watu wa tabaka la chini wananuka. Aliona kwamba chuki nyingine huweza kushindwa kwa hoja, ila chuki iliyoingia mwilini ni ngumu kuing'oa, kwa kuwa mwenye nayo huidhania kuwa ni ukweli wa pua yake.

Katika "Nineteen Eighty-Four", riwaya iliyotolewa 1949, fikira hiyo inapewa dola nzima. Majumba ya wanachama wa kawaida wa Chama hunuka kabeji iliyochemshwa na jasho. Katika nyumba ya O'Brien, mkubwa wa Chama cha Ndani, Winston anakutana na harufu ya chakula kizuri na tumbaku nzuri. Msomaji haambiwi kwa takwimu jinsi mali ilivyogawanywa. Pua ya Winston inatosha kumweleza.

Mwishoni, baada ya mateso, Winston anakaa mkahawani akinywa jini ya serikali. Harufu yake haimwachi usiku wala mchana, hata imekuwa ni harufu ya nafsi yake. Mhudumu huitilia matone ya sakarini iliyokolezwa karafuu. Msomaji wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kusita mahali hapa. Unguja na Pemba wakati ule ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia, na matumizi ya karafuu katika kinywa ni ya kale: huwekwa ili pumzi inukie. Orwell hakutaja zilikotoka, lakini mahali alipoziweka pana maana. Winston amevunjwa, amesaliti, hana tena neno lake mwenyewe la kusema. Na dola iliyokifanya kinywa chake kinuke ndiyo hiyo hiyo inayokitilia utamu. Hatimaye kinywa hicho hakimtishi mtu yeyote.

7. Hewa ya Kushiriki na Dawa ya Kila Kitu

Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 waandishi wa Marekani waliliendeleza jambo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Isaac Asimov, ambaye alikuwa pia mwalimu wa kemia ya viumbe katika chuo cha udaktari mjini Boston. Katika "The Caves of Steel", riwaya ya 1954, wazao wa binadamu waliohamia sayari nyingine huwaogopa watu wa Dunia kwa sababu ya maradhi, na mpelelezi Elijah Baley hulazimishwa kuoga kabla ya kuingia mji wao. "The Naked Sun", ya 1957, inakwenda mbali zaidi. Sayari ya Solaria ina watu 20,000 tu, wanaohudumiwa na maroboti milioni 200. Watu hao huzungumza kwa picha zipitazo hewani, na kukaa na mtu mwingine chumba kimoja, wakivuta hewa moja, huwatia karaha isiyovumilika. Hapa hatua ya mwisho ya pua inayohukumu imefikiwa. Hapahitajiki tena kinywa kinachonuka. Inatosha kuwa ni kinywa cha mtu. Wasolaria ni Gulliver zizini, ila wao wamejenga sayari nzima kuwa zizi lao.

Njia ya pili ni ya kejeli dhidi ya matangazo. Frederik Pohl, aliyewahi kufanya kazi ya kuandika matangazo, alishirikiana na C. M. Kornbluth kuandika "The Space Merchants", iliyotolewa kuwa kitabu 1953. Katika riwaya hiyo makampuni ya matangazo ndiyo yanayotawala dunia. Vitafunio humfanya mlaji atamani kinywaji fulani, kinywaji humfanya atamani sigara, na sigara humrudisha kwenye vitafunio. Ni mzunguko ule ule wa chupa ya Lambert: bidhaa haitafuti haja ya mtu, huizalisha.

Kejeli hiyo ilifika kilele katika "Ubik" ya Philip K. Dick, iliyotolewa 1969. Takriban kila sura hufunguliwa na tangazo dogo la bidhaa iitwayo Ubik, ambayo mara ni kahawa, mara ni bia, mara ni wembe. Moja ya matangazo hayo ni mazungumzo ya mtu anayeshuku kwamba kinywa chake kinanuka, naye anashauriwa atumie Ubik. Msomaji angelicheka tangazo hilo na kulipita, kama lisingekuwa katika kitabu hiki. Maana watu wa riwaya ni wafu au nusu wafu, waliohifadhiwa katika baridi kali, na ulimwengu wao unarudi nyuma kutoka 1992 hadi 1939 huku kila kitu kikioza mikononi mwao. Mtu asiye na pumzi anauziwa dawa ya kuipa pumzi yake harufu nzuri. Katika tangazo la mwisho bidhaa hiyo hunena kama mungu muumba. Dick ameonyesha kwamba aibu iliyozuliwa kwa ajili ya Edna haina kikomo ndani yake: ikiachwa iendelee, hudai kuabudiwa.

8. Pumzi Katika Kazi za Kenya

Kazi zilizotajwa hadi hapa ni za Ulaya na Marekani, kwa kuwa huko ndiko utanzu huu na biashara ya kinywa vilikokulia pamoja. Lakini hoja ya pumzi na utawala haikukosa mwangwi katika fasihi ya Kenya. "Shetani Msalabani" ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka kwa Kigikuyu 1980 na kwa Kiswahili 1982, si hadithi ya kisayansi. Hata hivyo, katika mashindano ya wezi ndani ya riwaya hiyo, Gitutu wa Gataanguru anatoa wazo ambalo Pohl na Kornbluth wangelitambua mara moja: hewa ikamatwe, itiwe makoponi, iuzwe kwa wakulima na wafanyakazi. Lambert aliuza hofu ya pumzi. Gitutu angependa kuuza pumzi yenyewe.

Riwaya ya Katama Mkangi, "Walenisi", iliyotolewa 1995, inakaribia zaidi utanzu wenyewe. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anatupwa angani ndani ya chombo, akaangukia nchi nyingine yenye haki. Jina la nchi hiyo likitenganishwa husomeka "wale ni sisi". Maneno hayo matatu ni kinyume kamili cha karaha ya Lenina na ya Wasolaria, ambayo kazi yake yote ni kuthibitisha kwamba wale si sisi.

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu alitoa filamu fupi ya kubuni ya kisayansi iitwayo kwa Kiswahili "Pumzi". Mandhari yake ni Afrika ya Mashariki baada ya vita vya maji, ambako watu huishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho na mkojo wao husafishwa ukawa maji ya kunywa. Asha, mhusika mkuu, anatoroka ili akapande mche jangwani, na mwishoni anaunywesha maji yake ya mwisho pamoja na jasho la mwili wake. Utawala wa jengo hilo ni mkali kama ule wa Huxley, lakini mwili umepewa thamani nyingine. Yale ambayo London ya Linda iliyafunika kwa manukato, hapa ni mali, na mwishoni ni zawadi. Filamu ingeliweza kuitwa kwa jina la maji. Kuitwa kwake "Pumzi" kunairudisha pumzi mahali ilipokuwa kabla haijatiwa aibu.

9. Suala la Ufasiri na Hitimisho

Historia hii inamletea mfasiri wa Kiswahili swali la kazi yake ya kila siku. Akikutana na neno la Howe katika hadithi ya kisayansi, alifasiri vipi? Njia iliyo karibu ni kulitohoa, likawa "halitosisi", na kuliingiza katika orodha ya istilahi. Katika kitabu cha madaktari njia hiyo yaweza kuwa na faida, kwa kuwa daktari anahitaji jina la kuandika katika cheti, na mgonjwa wa ufizi anastahili matibabu bila kejeli. Lakini katika fasihi hasara yake ni kubwa. Nomino ya namna hiyo huondoa watendaji wote wawili. Mtu hanuki tena, bali "ana" kitu. Wala hakuna anayemnusa. Hukumu iliyotolewa na pua ya tabaka fulani inavaa kanzu ya sayansi, na msomaji anaipokea kana kwamba haikutolewa na mtu.

Kiswahili tayari kina njia iliyo bora kwa kazi hiyo. Kikisema kwamba kinywa cha Linda kinanuka, kimetaja kinywa. Kikisema kwamba Lenina alimnusa akachukizwa, kimetaja pua. Na kwa kuwa "kunuka" na "kunukia" vinatofautiana kwa mnyambuliko mmoja tu, mfasiri stadi anaweza kumwonyesha msomaji jinsi glasi ya Winston inavyonuka na kunukia kwa wakati mmoja, jambo ambalo lugha ya asili ya riwaya hiyo huhitaji maneno mengi kulieleza. Kutokuwa na nomino, ambako mtu wa haraka angekuona kuwa ni umaskini wa msamiati, ndiko kunakoilazimisha lugha kutaja mnukaji na mnusaji.

Kwa muhtasari, kinywa kinachonuka kiliingia katika hadithi hizi kikiwa ajabu ya safari, kikawa kipimo cha kiburi kwa Swift, kikapewa jina la ugonjwa 1874 na soko katika miaka ya 1920, kikawa alama ya tabaka kwa Huxley na Orwell, na hatimaye kikageuzwa na Dick kuwa kejeli dhidi ya wale waliokitangaza. Katika safari hiyo yote vijidudu vya ulimi havikubadilika. Kilichobadilika ni nani alikuwa na haki ya kunusa na kutoa hukumu. Anayezifundisha kazi hizi katika madarasa ya Kiswahili afanya vema akiwauliza wanafunzi wake, kila ikitajwa harufu ya mtu, pua iliyoinusa ilikuwa ya nani.